Barua za Disketi kati ya Kibwezi na Zombe

Hamkuniomba niandike, lakini ninaandika. Siku niliyoaga ofisi mlininunulia keki na saa ya ukutani, mkasema maneno mazuri, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza barua zilikuwa zinasafiri namna gani kabla ya hiyo simu mliyochomeka nyuma ya kompyuta. Sasa mnabonyeza, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na barua imefika Kibwezi. Mimi ndiye niliyekuwa nikifanya kazi ya huyo paka. Kwa pikipiki.

Mshahara sitautaja, hautajaza mstari. Cheo nilikuwa nacho kimoja tu, tarishi, toka siku ya kwanza mpaka siku ya keki. Nyumbani Migwani wanajua nilikuwa Mkubwa wa Mawasiliano. Sikuwaambia hivyo mimi. Niliwaacha wafikiri wenyewe, na mtu akikosea namrekebisha kwenda juu.

Shule niliachia darasa la tano. Baba alisema ng'ombe hawajui kujichunga, na kweli hawakujua. Kusoma zaidi nilijisomea kwa Biblia ya mama na kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, ndiyo maana mpaka leo najua habari nyingi ambazo hazina mwisho. Pikipiki nilijifundisha pia. Niliinunua ikiwa vipande, nikaiunganisha, vikabaki vipande vitatu ambavyo sijajua mpaka leo vilikuwa vya wapi, na ikatembea. Mtu aliyefanya hivyo haogopi kompyuta, au ndivyo nilivyosema siku ya kuomba kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Shirika letu lilisaidia watu kujenga kuta za mtoni. Mito yetu mnaijua, mwaka mzima ni mchanga, halafu siku moja ni maji ya kubeba ng'ombe. Ukijenga ukuta wa zege kukatiza mto, mchanga unajaa nyuma yake, na ndani ya mchanga maji yanakaa, jua haliyapati. Tulikuwa na ofisi Kitui, na vituo Zombe na Kibwezi, na marafiki wa makanisa ya ng'ambo wakatuletea kompyuta tatu. Zilikuwa zimestaafu huko kabla ya kuanza kazi hapa. Herufi za kijani kwenye kioo cheusi, na sauti kama ya mashine ya posho ya mbali. Simu ya kuziunganisha haikuwako. Kwa hivyo mtu wa Kibwezi anaandika barua zake kwenye mashine, mashine inaziweka kwenye disketi, mimi naibeba disketi mpaka Kitui. Kitui inachukua zake, inaongeza zake, mimi nabeba mpaka Zombe. Kurudi ni vilevile.

Disketi za siku hizo hazikuwa hizi ngumu ndogo mnazotupa kwenye droo. Zilikuwa pana kama sahani ya chai, laini, zinapindapinda, na zina dirisha moja lililo wazi ambalo kitu cha ndani kinaonekana.

Madam Ndinda, aliyekuwa na kompyuta ya Kitui, ndiye aliyenifundisha. Mwanamke mfupi, hana haraka, miwani imefungwa na kamba shingoni. Siku ya kwanza alinishikisha disketi tupu.

"Hapa kwenye dirisha usiguse. Mafuta ya kidole yako yatakula maneno."

"Sawa, madam."

"Jua lisiipige. Vumbi lisiingie. Usiikunje. Usiikalie."

"Madam, hii ni disketi ama ni bibi harusi?"

"Bibi harusi akiharibika anaweza kukuambia," akasema.

Basi nikaenda kwa fundi wa mbao Migwani akanitengenezea sanduku la mninga, ndani nimeweka kitambaa cha blanketi, bawaba za chuma, na kufuli ndogo. Nilitembea na ufunguo shingoni. Watu wa Kitui mjini walidhani ni dawa za kulevya au ni pesa za kanisa, na kwa yote mawili walinisalimia vizuri zaidi.

Nilijifunza polepole. Wiki ya kwanza nilimwambia madam apunguze barua za Zombe kwa sababu pikipiki ilikuwa inashindwa kupanda mlima. Akatoa disketi mbili, moja tupu, moja imejaa, akaniwekea mkono wa kulia na wa kushoto. Nikapima. Nikasema hii ya kushoto ni nzito kidogo. Akasema hiyo ndiyo tupu. Nilienda kubadilisha plagi ya pikipiki na hatukuongea tena habari ya mlima.

Mizigo ndiyo iliyonisumbua kuliko vumbi. Mnajua kwetu mtu mwenye pikipiki na keria haendi mahali mikono mitupu. Ukipita sokoni Kitui unaelekea Zombe, kila mtu ana kitu cha kupeleka Zombe. Ukikataa, mpaka jioni habari imefika kwenu kwamba umekuwa na maringo, na mama yako ataulizwa kanisani umelelewa vipi. Kwa hivyo nilibeba. Jogoo nilibeba, keki ya arusi nilibeba, muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, wa moto kwenye sufuria nilibeba ukanichoma mgongo. Siku moja nilibeba meno ya mzee mmoja yaliyotoka kutengenezwa, na mzee akayavaa palepale barabarani, akanishukuru, akanipa nyama ya kukausha ambayo mimi mwenye meno yangu sikuiweza. Mambo ya disketi yalikuwa ya shirika. Mengine yote yalikuwa ya jamii, na jamii haina bosi wa kumlalamikia.

Sasa nifike kwenye ukuta wa Zombe, kwa sababu huo ndio mnaousikia mkiambiwa "Kilonzo na spika", na mnaambiwa vibaya.

Ukuta ule ulikuwa wa mwethya, kikundi cha akina mama wa kufanya kazi pamoja, na mkubwa wao alikuwa Mwaitu Kalunde. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na yeye kila mtu alimwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Walikuwa wamebeba mawe kwa vichwa tangu kiangazi kianze. Maji walikuwa wanayafuata mbali, wanaondoka asubuhi na kurudi mchana, na punda wao walikuwa wamekonda mpaka huruma. Ukuta ulibaki kidogo kufika upande wa kushoto. Lakini huko kushoto walipochimba hawakukutana na mwamba. Wakakutana na udongo laini. Na mvua za Novemba zilikuwa zimeanza kunukia.

Jambo lilikuwa hili, na kila mtu alilijua. Wakimwaga zege juu ya udongo, mto ukija utachimba kando, utapita, na ukuta utabaki umesimama peke yake kama mlango bila nyumba. Wakikaa bila kumwaga, mto utakuja na kuokota mawe ya kiangazi kizima. Kwa hivyo Mulwa, mtu wetu wa kompyuta kule Zombe, alimwandikia Injinia Njoroge aliyekuwa Kibwezi, upande wa Makueni: tufanye nini? Mimi nikabeba swali. Injinia akaandika jibu. Mimi nikabeba jibu.

Nilipofika Kitui stima ilikuwa imepotea. Kawaida Madam Ndinda anachukua disketi, anatoa nakala ya kila kitu, ndipo naendelea. Siku hiyo mashine ilikuwa kimya.

"Ngoja stima irudi nitoe nakala," akasema.

"Madam, mvua haingoji stima. Mimi ndiye nakala."

Aliachia miwani ikaning'inia shingoni. Nilipenda hilo neno langu, nikaondoka nalo likinitoa meno nje mpaka sokoni.

Sokoni mzee wa kanisa mmoja wa Zombe alinisimamisha. Alikuwa na spika ya kanisa, ile ya pembe, inayofungwa juu ya paa watu wa kijiji cha pili wasikie mahubiri hata kama hawataki. Ilikuwa imetoka kwa fundi.

"Kilonzo, utaniwekea hii?"

"Mzee, leo nina kazi ya haraka."

"Na hii ni kazi ya nani?" akaniuliza, akielekeza kidole juu.

Nikaiweka. Sasa, spika hiyo nyuma ina kitako cha chuma, kizito, tambarare, cha mviringo. Nilipokuwa natafuta mahali pa kuweka sanduku langu, nililikalisha juu ya hicho kitako, na mnajua nini? Sanduku lilishika lenyewe. Bawaba za chuma ziling'ang'ania pale kama kupe. Nikalitikisa, halikutoka. Nikamwambia mzee, tazama, leo hata kamba sihitaji. Akasema ni baraka. Nikasema amina. Nikaendesha mpaka Zombe nikiimba.

Mulwa aliweka disketi kwenye mashine. Ikakwaruza. Ikakwaruza tena. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Kioo kikasema hakuna kitu. Hakikusema maneno yameharibika. Kilisema hakuna, kama vile Injinia hakuzaliwa.

Mulwa akatoka nje, akaona spika kwenye keria, akaona alama ya vumbi la sanduku kwenye kitako chake. Alikuwa kijana mpole. Aliniuliza tu, "Mzee Kilonzo, sanduku ilikuwa inakaa wapi?"

"Hapo. Ilishika yenyewe."

"Hiyo ni sumaku," akasema. "Sumaku inafuta."

Mwaitu Kalunde alikuwa amesimama mlangoni, matope mpaka magotini, sepetu mkononi. Alisikia yote. Nilifikiri atanitukana, na ningefurahi. Aliuliza, "Kwa hivyo Injinia alisema, na wewe ulibeba, na imepotea njiani?"

"Ndiyo, mwaitu."

"Ukisahau neno la mtu unaweza kukumbuka kesho. Hii haiwezi kukumbuka?"

"Haiwezi."

"Basi rudi."

Nikarudi. Mnaijua barabara ya Kitui mpaka Kibwezi sasa. Siku hizo ilikuwa matuta ya mchanga na mawe, na daraja la Athi ambalo unalifikia ukiwa na rangi ya barabara. Nilifika Kibwezi kesho yake asubuhi, mwekundu kama tofali. Injinia Njoroge, mtu wa Nyeri, mrefu, msema kidogo, alinisikiliza habari ya spika bila kucheka. Hilo liliniumiza, kwa sababu mimi ningecheka.

Akaandika upya kwenye mashine. Halafu akavuta karatasi.

"Ngoja nikuandikie na hapa pia. Kama kuna shida tena."

Hapa ndipo watu wanaponisimulia vibaya, wanasema nilisahau karatasi. Sikusahau. Niliikataa.

"Injinia," nikamwambia, "karatasi hata konda wa basi anaweza kubeba. Mimi ni mtu wa disketi."

Alinitazama, akaacha kalamu. Sijui alifikiri ana heshima gani kwangu, lakini aliitumia vibaya siku hiyo. Angenipiga kofi na kunipa karatasi tungemaliza mapema.

Kurudi sikubeba mzigo wa mtu. Sanduku nililifunga kifuani kwa leso kama mtoto, na kila aliyenisimamisha nilimwonyesha mtoto. Kitui stima ilikuwa bado. Nikapita. Na jinsi nilivyokuwa nakaribia Zombe, mbingu ilizidi kujifunga, mawingu meusi yamelala juu ya vilima kama ng'ombe walioshiba. Nikasema moyoni, Kilonzo, leo umeishinda mvua.

Nikamkabidhi Mulwa sanduku kwa mikono miwili. Hakulifungua.

"Betri zimekufa," akasema. "Zinachajiwa na jua. Na jua hatujaliona tangu uondoke."

Basi tulisimama hapo, mimi, Mulwa, Mwaitu Kalunde, na wamama wengine wamekaa kwenye mawe na sururu zao wakingoja. Walikuwa wamengoja tangu nilipoondoka. Hilo sikulijua mpaka nilipoona. Nilidhani wamefanya uamuzi wao wakaendelea, maana wote ni watu wazima na mto ni wao. Lakini walikuwa wameweka chini vyombo, mvua ikiwa juu ya vichwa vyao, wakingoja kitu nilichobeba mimi.

Mwaitu akachukua disketi kwa ncha za vidole, vizuri kuliko mimi, akaigeuza.

"Maneno iko ndani?"

"Iko, mwaitu."

"Na imefunga mdomo."

"Imefunga."

"Hakukuwa na karatasi Kibwezi?"

Nikamwambia ilikuwako. Nikamwambia na vile nilivyojibu. Wamama walicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kibaya sana, kilikuwa cha watu waliochoka wakapata mahali pa kupumzikia. Mmoja akasema, "Mtu wa disketi, sasa tukumwage wewe hapo kushoto badala ya simiti?" Mwingine akasema sitoshi, labda kwa mdomo.

Mwaitu hakucheka. Alikuwa anatazama barabarani. Pale sokoni Zombe kulikuwa na lori la Musyimi, mfanyabiashara wa ndengu, limepakiwa, na Musyimi mwenyewe anafunga turubai haraka aondoke kwenda Mwingi kabla barabara haijageuka uji. Akamwendea.

"Musyimi, toa betri."

"Mwaitu, nina haraka."

"Naona. Toa betri."

"Mvua ikinipata hapa nitalala hapa wiki nzima. Ndengu itaota ndani ya gari."

"Ikiota tutapalilia. Mke wako amebeba mawe hapo mtoni tangu kiangazi. Leo jioni akikuuliza betri ya gari ilikuwa ya kazi gani, utamwambia nini?"

Musyimi alimtafuta mke wake kwa macho katikati ya wamama. Mke wake alikuwa anamtazama tayari. Akashika spana.

Mulwa alijua kuunganisha, akashika ncha za upande mmoja wa nyaya na nyingine nikazishika mimi, nikaambiwa nisizungumze wala nisitikisike. Kompyuta ikanguruma. Disketi ikazunguka, ikakwaruza, na herufi za kijani zikaanza kutoka. Mulwa akasoma kwa sauti, anageuza Kiingereza kuwa Kikamba akiendelea. Injinia alisema: msimwage. Mwamba uko, umeshuka tu. Chimbeni kuelekea ukingoni mpaka mkutane nao, hata kama mtapita alama yangu. Mkishaupata, ingizeni ukuta ndani ya ukingo mrefu kama mtu aliyelala, ndipo mmwage. Kama mvua iko karibu, wekeni upande huo tu, kwingine kutangoja.

Wamama walikuwa wameshaondoka kabla Mulwa hajasoma salamu za mwisho. Tukachimba sote. Musyimi pia, kwa viatu vya sokoni. Mimi nilichimba kama mtu anayetafuta karatasi aliyoikataa. Mwamba ulipatikana, sururu ya Mwaitu ndiyo iliyolia juu yake, na yeye akasema "Ii", yaani ndiyo, akasogea wengine wafikie. Zege lilimwagwa na kufunikwa kwa magunia kabla ya giza.

Mvua ilitupa siku moja na nusu. Mtaalamu atawaambia zege linataka zaidi, na ni kweli, lakini hakukuwa na mtaalamu wa kuiambia mvua. Mto ulikuja asubuhi, na sauti yake ilitangulia. Tulisimama ukingoni. Maji yakafika ukutani, yakarudi nyuma, yakapanda, yakatafuta kushoto. Tuliyaona yanatafuta. Yakazunguka pale, yakachafuka, na halafu yakapita juu. Katikati, pale yalipotakiwa kupita. Ukuta wa kushoto ulibaki mahali pake.

Mwaitu Kalunde aliketi chini kwenye matope. Baadaye akaniambia, "Mpelekee Injinia neno. Mwambie maji imepita juu."

Tukaenda kwa Mulwa. Jua lilikuwa limechungulia kidogo na betri zimeamka. Mulwa akakaa aandike, nikamwambia ondoka hapo. Miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba barua za kila mtu na sikuwa nimeandika hata moja. Sikujua hata kwamba herufi hazikupangwa a, be, che. Nilikuwa naitafuta kila moja kama mbuzi aliyepotea. Niliandika hivi, na nilipomaliza chai ilikuwa imenywewa mara mbili:

MAJI IMEPITA JUU. KANDO IKO SAWA. MWAITU KALUNDE ANASEMA ASANTE. NI MIMI KILONZO NIMEANDIKA.

Nikaibeba kifuani mpaka Kibwezi. Nilipokuwa nazima pikipiki Injinia alitoka mlangoni, akasema, "Nimesikia. Basi la jana. Konda aliniambia ukuta umesimama."

Konda. Yule yule wa karatasi.

Nilifungua sanduku hata hivyo. Injinia aliichukua disketi, akakaa, akaiweka kwenye mashine. Ile barua ni mistari michache, mtu kama yeye anaimaliza kabla ya kupiga chafya. Aliisoma muda mrefu. Halafu akageuka.

"Unataka nijibu?"

"Kama kuna jibu."

Akaandika, mwili umefunika kioo nisione, akatoa disketi, akanipa. "Ni yako. Ifungulie Kitui, barua haisomwi njiani, sheria ni sheria."

Nikaiendesha barua yangu mwenyewe mpaka Kitui. Njiani watu walinisimamisha na mizigo, nikabeba jogoo wawili, lakini sanduku liliendelea kukaa kifuani. Stima ilikuwa imerudi. Madam Ndinda alivaa miwani, akaiweka, akasoma kimya, akasogeza kiti kando nisogee nione mwenyewe. Kulikuwa na jina langu juu, mahali ambapo jina la kituo hukaa, na chini yake neno moja.

KWA KILONZO. IMEFIKA.

"Umesoma?" akauliza. Barua ikishasomwa alikuwa anaifuta, disketi zilikuwa chache.

"Nimesoma."

"Nifute?"

Nikamwambia aiache. Akasema inachukua nafasi ya wengine. Nikamwambia aiache tu, madam, nitazibeba za wengine kwa karatasi.